UKINGO WA UBAO UKITOKA NA MENO



Somo letu la leo linatoka Dar es Salaam, Kariakoo, kwenye uchochoro mmoja unaotokea Mtaa wa Msimbazi. Usiseme mapema kwamba mambo ya Kariakoo hayakuhusu wewe uliye shamba. Mlango utakaonunua mwakani huenda ukawa umechongwa kwa mashine tutakayoieleza hapa, na mashine zenyewe zimekwisha kuanza kuingia mikoani. Tena kijana wako aliyekwenda mjini kujifunza useremala huenda ndiye anayeisimamia.

Katika uchochoro huo pana karakana ya chumba kimoja. Fundi wake ni kijana. Alidunduliza fedha, akanunua mashine ndogo ya kuchongea mbao, ile ambayo mafundi huiita CNC. Ni mashine inayoongozwa na tarakimu. Fundi huchora nakshi kwenye kompyuta. Kompyuta huigeuza nakshi kuwa tarakimu nyingi, na tarakimu hizo huziamuru mota: nenda kulia milimita 12, shuka milimita 2, rudi. Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1952 chuo kikuu cha MIT, kule Marekani, kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa kwa tarakimu zilizotobolewa kwenye mkanda wa karatasi. Tofauti ni kwamba hii ya fundi wetu inakaa juu ya meza.

Tuitazame mashine hiyo ili tuelewane. Chini kuna kitanda, ndipo ubao unapolazwa na kubanwa. Juu ya kitanda kuna daraja la bomba za alumini, linakwenda mbele na nyuma. Juu ya daraja kuna kigari kidogo chenye magurudumu, kinakwenda kulia na kushoto. Kigari kimebeba mota ya ruta, na mdomoni mwa ruta ndipo biti inapobanwa. Biti ndiyo inayokata. Daraja na kigari huvutwa na mikanda ya mpira yenye meno.

Kazi iliyoharibika

Mama mmoja alimletea fundi huyo mbao nne za mninga, za kutengenezea paneli za mlango wa mbele. Mninga unatoka mbali, kwenye misitu ya miombo kama ile ya Tabora na Katavi, na bei yake kila mtu anaijua. Mbao zilikuwa nne, na ya akiba hakuna. Mama alitaka maua na pambizo kama ya milango ya Unguja.

Paneli ya kwanza ikaharibika. Ua lilitoka, lakini kingo zake zilikuwa na ngazi ngazi kama ngazi za kupandia mnazi. Upande mmoja wa pambizo ulikuwa laini, upande wa pili una manyoya. Na yale maduara ya katikati ya maua hayakuwa maduara, yalikuwa na bapa.

Kijana akafanya kama wafanyavyo wengi. Alitoka, akaenda madukani, akanunua biti mpya. Akaifunga, akajaribu nyuma ya ubao ule ule ulioharibika. Kazi ikawa mbaya kuliko mwanzo! Akapunguza mwendo wa mashine. Ubao ukaanza kuungua na kutoa moshi. Akabadilisha mchoro. Wapi! Mwishowe akasema ati mninga ule ni mbovu, mama kauziwa mti mbichi.

Hapo ndipo alipompigia simu mzee mmoja wa Keko, aliyemfundisha useremala wa patasi na randa. Mzee akaja jioni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, lete huo ubao niuone."

"Mwalimu, tuanze na kompyuta. Nadhani kosa liko huko."

"Kompyuta siijui. Ubao naujua. Lete ubao. Na kwanza chomoa waya ukutani."

Mzee aliuchukua ubao, akausogeza mlangoni penye mwanga, akaupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo polepole, juu mpaka chini, halafu kulia mpaka kushoto. Kijana alikuwa anatazama mashine. Mzee alikuwa anausoma ubao.

Tuusome ukingo

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma herufi. Ukingo uliokatwa nao una alama zake, na kila alama inataja sehemu ya mashine iliyoiandika. Tuanze na bapa kwenye maduara, kwa sababu hiyo ndiyo alama iliyosema wazi kuliko zote.

Mashine inapochonga duara, kigari kinakwenda kulia, kinafika mwisho, halafu kinageuka kurudi kushoto. Hapo kinapogeuka ndipo ulegevu unapojionyesha. Kama mkanda umelegea, mota inazunguka kidogo bure kabla kigari hakijasogea. Kwa muda ule mfupi daraja linaendelea kwenda mbele, lakini kigari kimesimama. Matokeo yake ni kipande kilichonyooka mahali palipotakiwa kupinda. Hilo ndilo bapa. Basi, bapa likiwa upande wa kulia na wa kushoto wa duara, mwenye ulegevu ni kigari. Likiwa upande wa mbele na wa nyuma, mwenye ulegevu ni daraja. Maduara ya paneli ile yalikuwa na bapa kulia na kushoto.

"Shika kigari hicho," mzee akasema. "Kitikise."

Kijana akakitikisa. Kikacheza! Huhitaji kipimo, unasikia mkononi. Magurudumu mawili ya chini yalikuwa yanazunguka matupu bila kugusa reli. Kwenye mashine za namna hii nati za magurudumu ya chini zimetobolewa pembeni kidogo, si katikati. Ukiizungusha nati kwa spana, gurudumu linapanda au linashuka. Kaza mpaka gurudumu liguse reli sawasawa. Jaribu kulizungusha kwa kidole huku kigari kimesimama: lizunguke kwa taabu kidogo. Likizunguka kwa wepesi, bado limelegea. Likigoma kabisa, umekaza mno, na litalika upesi.

Halafu mkanda. Ubonyeze kwa kidole katikati. Usining'inie kama kamba ya kuanikia nguo, wala usikazwe mpaka ukapinda mhimili wa mota. Ukiupiga kwa kidole utoe mlio mzito. Tena tazama ile skrubu ndogo inayoshikilia puli kwenye mhimili wa mota. Skrubu hiyo ni ndogo kama punje ya mchele na inasahauliwa na watu wote. Ikilegea, puli inateleza, na hata ukaze mkanda vipi utakuwa unajisumbua.

Ulegevu huo huo ndio ulioandika zile ngazi. Biti haikati unene wote kwa mara moja. Inakata milimita 2, inarudi, inakata 2 nyingine. Kigari kinachocheza huegemea huku na huku kila biti inapokutana na ugumu wa mti, kwa hiyo kila mpito unakata mahali pake. Lakini ngazi zinaweza kuletwa pia na biti yenyewe kupinda. Biti ni ya chuma, ndiyo, lakini inapinda. Ukiiacha itokeze milimita 40 badala ya 20, kwa nguvu ile ile itapinda mara nane zaidi. Ukitumia biti nyembamba ya milimita 3 badala ya 6, kwa urefu ule ule, itapinda mara kumi na sita. Kwa hiyo itokeze kiasi kile tu kinachohitajika kufika chini ya kazi. Na kama ngazi zote zimelalia upande mmoja tu kama mteremko, jua mota haikusimama wima. Iwekee skwea uone.

Robo inchi si milimita sita

Walikaza magurudumu, wakakaza mkanda. Wakajaribu duara kwenye pembe ya ubao ule ulioharibika. Bapa likaisha. Lakini ukingo ulikuwa bado una mikwaruzo, na jambo la ajabu: mfereji ulianza na kina cha milimita 2, ukaishia na kina cha milimita 4! Hakuna aliyeiamuru mashine kushuka hivyo.

Mzee akamwambia kijana achomoe waya tena, atoe ile biti mpya. Akaishika kwenye mwanga. "Umenunua ya ngapi?"

"Ya sita, mwalimu."

"Na ile ya zamani?"

"Ile... ilikuja na ruta. Ilikuwa robo inchi. Si ni ile ile?"

Hapa tufanye hesabu, kwa sababu kosa hili linawapata mafundi wengi. Inchi moja ni milimita 25.4. Robo yake ni 25.4 ÷ 4 = 6.35. Mkia wa biti mpya ni milimita 6. Tofauti ni 0.35, yaani ni kama unene wa karatasi tatu au nne. Ni ndogo kwa macho, ni kubwa kwa kitu kinachozunguka mara elfu kumi na nane kwa dakika.

Biti hubanwa na koleti. Koleti ni kikombe kidogo cha chuma chenye mipasuko. Ukikaza nati, mipasuko inajifunga na kuukumbatia mkia wa biti pande zote. Koleti ya robo inchi imetengenezwa kukumbatia 6.35. Ukiitia mkia wa 6, nati itakaza mpaka mwisho, nawe utajiona umemaliza kazi. Kumbe biti imeshikwa kwa ncha tu. Inakaa upande, inatikisika, na kwa kuwa biti nyingi zimesokotwa kama skrubu, inajivuta yenyewe kuingia ndani ya mti. Ndiyo maana mfereji ulizidi kina. Ingeendelea hivyo ingechomoka, na biti iliyochomoka kwa mwendo ule haichagui jicho la kuingia.

Madukani Kariakoo biti za 6 na za 6.35 huweza kulala kwenye sanduku moja. Vivyo hivyo za 3 na za 3.175, ambayo ni sehemu moja ya nane ya inchi. Nenda na kipimo, au nenda na koleti yako mfukoni. Muuzaji akikuambia "ni ile ile tu, kaka," mwambie asante, pima.

Na ukitaka kujua kama biti yako inateleza, chora mstari mdogo kwa kalamu ya wino kwenye mkia wake, pale unapoingia kwenye nati. Kata kidogo, zima, chomoa waya, tazama. Mstari ukiwa umesogea, simamisha kazi. Huenda koleti imejaa vumbi, huenda imekwisha, huenda si yake. Vumbi ni la kupiga mswaki. Koleti iliyokwisha ni ya kutupa, wala usiitie karatasi ili ibane, nimekwisha kuyaona hayo.

Hesabu ya jino moja

Sasa tuje kwenye kuungua. Kijana alipoona kazi mbaya alipunguza mwendo, akidhani polepole ndio ustadi. Kwa randa ya mkono huenda ni kweli. Kwa biti si kweli.

Biti yake ina meno mawili. Inazunguka mara 18,000 kwa dakika. Kwa hiyo ubao unapigwa na meno 2 × 18,000 = 36,000 kila dakika. Mashine ikisogea milimita 1,800 kwa dakika, kila jino linakula 1,800 ÷ 36,000 = 0.05 ya milimita. Ni kama nusu ya unene wa karatasi. Jino linaweza kukata kipande cha namna hiyo, na kipande kinaondoka na joto lake.

Yeye alishusha mwendo mpaka 300. Gawanya: 300 ÷ 36,000 ni kama 0.008. Jino haliwezi kukata kitu chembamba hivyo. Linasugua. Kusugua kunaleta joto, joto linachoma ubao na kuua makali ya biti, na biti butu inasugua zaidi. Ukitazama chini ya mashine utaona: kazi nzuri inatoa vipande vidogo kama maranda yaliyokatwakatwa, kazi mbaya inatoa unga laini kama wa muhogo.

Mashine ndogo ikishindwa kwenda milimita 1,800, na nyingi zinashindwa kwenye mti mgumu, usipunguze mwendo peke yake. Punguza na mzunguko wa ruta. Kwa mizunguko 10,000, mwendo wa 1,000 unampa kila jino ile ile 0.05. Na kina cha mpito mmoja kisizidi nusu ya upana wa biti. Kwa mninga mkavu anza na milimita 1.5 kwa biti ya 6.

Upande laini na upande wa manyoya

Bado pambizo. Upande mmoja laini, mwingine una manyoya. Hapa mashine haina kosa. Mti una nyuzi, na kila aliyewahi kupiga randa anajua kwamba ukienda kinyume cha nyuzi unazing'oa. Biti inazunguka kuelekea upande mmoja tu, upande wa mshale wa saa ukiitazama kutoka juu. Ikikata mfereji, ukingo mmoja unakutana na jino linalokwenda pamoja na mwendo wa mashine, ukingo wa pili unakutana na jino linalokwenda kinyume chake. Kwa hiyo haviwezi kufanana.

Dawa yake ni kukata mara mbili. Mara ya kwanza mwambie kompyuta aache nusu milimita kila upande. Kata mpaka chini. Halafu pita mara ya mwisho, polepole kidogo, uondoe ile nusu milimita tu, na uchague upande wa kuzunguka. Mashine iliyolegea ikizungushwa kufuata jino hurukaruka, kwa sababu jino linaivuta. Hiyo ikatwe kinyume. Iliyokaza inaweza kufuata jino na mara nyingi ukingo hutoka safi zaidi. Jaribu zote mbili kwenye kipande cha mti ule ule. Msonobari hautakuambia habari za mninga.

Na manyoya yakiwa juu tu, kwenye mdomo wa mfereji, tazama msokoto wa biti. Msokoto wa kupandisha huvuta takataka juu, na nyuzi nazo huvutwa. Msokoto wa kushusha huacha uso safi, ila takataka hubaki ndani ya mfereji na kuleta joto, kwa hiyo uwe na brashi au mashine ya kufyonza vumbi karibu. Manyoya yakiwa kila mahali, biti ni butu au mti ni mbichi. Huna haja ya kwenda mbali.

Alama nyingine nazitaja kwa haraka. Mawimbi yanayolingana: weka rula, pima kutoka wimbi hadi wimbi. Ikiwa ni milimita 40, na puli yako ina meno 20 ya milimita 2, basi 20 × 2 ni 40, puli inayumba. Nakshi iliyohama ghafla katikati ya kazi: biti iligonga klampu, au mwendo ulikuwa mkubwa mota ikaruka hatua. Herufi nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili: kitanda hakiko sawa. Chini ya ubao wa kazi mafundi wengi huweka ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, na ule ukipata unyevu, hasa masika pale bonde la Msimbazi linapojaa maji na hewa yote ni mvuke, unavimba. Teleza kipande cha karatasi chini ya biti kwenye pembe nne na katikati. Papo hapo utajua wapi pamepanda.

Jambo la vumbi halina haraka. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Funga barakoa. Vaa miwani. Glovu usivae kabisa karibu na biti, maana ikishika uzi wa glovu itachukua na mkono. Na karakana ya chumba kimoja iwe na dirisha wazi.

Kijana alirudisha biti ya robo inchi, akainoa kwa jiwe. Wakachonga duara la majaribio la milimita 100. Wakapima kulia kwenda kushoto: 100. Mbele kwenda nyuma: 99.9. Usiku ule ile paneli ya pili ikatoka, kingo zake unapitisha ukucha hausikii kitu. Ya tatu na ya nne zikatoka kesho yake. Ile iliyoharibika kijana aliilipa mwenyewe, akanunua ubao mwingine wa mninga. Mama alipokuja Jumamosi aliutazama mlango kwa muda, akaiwekea kidole paneli moja ya chini.

"Huu si mti wangu," akasema. "Wangu ulikuwa mwekundu kuliko huu."

Kijana akamweleza yote.

ZOEZI

1. Duara lina bapa mbele na nyuma, lakini kulia na kushoto ni zuri. Utaanza kukagua sehemu gani ya mashine?

2. Biti ina meno mawili, inazunguka mara 12,000 kwa dakika. Unataka kila jino lile milimita 0.05. Mashine isogee milimita ngapi kwa dakika?

3. Koleti yako ni ya sehemu moja ya nane ya inchi. Dukani kuna biti yenye mkia wa milimita 3. Tofauti ni kiasi gani? Utainunua?

4. Jadilianeni katika kikundi: fundi alimlipa mama ubao mwingine, lakini rangi haikulingana. Je, mlango ule mama aupokee kwa bei waliyopatana?